Kalipa, maikromita na beringi ya 6201: kipi kinapima mtutu wa gobole bila kudanganya

Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, nunua maikromita (kibanio cha skrubu kinachopima unene wa kitu kwa nje) ya milimita 0 hadi 25, na kalipa ya kidijitali iache pale pale dukani. Wengi hufanya kinyume, na si ajabu. Kalipa inawasha namba, inaingia tunduni, inapima hadi kina, na muuzaji anakufungulia boksi lake lenye sponji huku akikubonyezea kitufe cha kubadili milimita kuwa inchi. Maikromita haina mbwembwe hizo. Lakini kwa kazi ya kujua kipenyo cha mtutu wa bunduki inayojazwa mdomoni, ili uagize risasi itakayokaa sawasawa, kalipa inakosea mahali pale pale unapoihitaji isikosee.

Vifaa tunavyovitathmini hapa ni vile ambavyo mtu wa Dodoma anaweza kuvipata bila kusumbuka sana: kalipa ya kidijitali ya milimita 150, maikromita ya nje, geji za matundu madogo, geji za teleskopu, na beringi ya kawaida ya pikipiki. Kalipa na beringi utazikuta mjini kwenye maduka ya vifaa na spea. Maikromita hutafutwa kidogo. Geji za matundu madogo mara nyingi huagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, zikaja na basi.

Kwanza tutenganishe bunduki zenyewe, maana kifaa kinachofaa kinategemea mtutu ulivyo ndani. Gobole la kawaida la kanda ya kati, kuanzia Mpwapwa na Kondoa hadi Manyoni, ni laini ndani, halina mifereji, yaani ile mikato inayojizungusha ndani ya mtutu ili risasi itoke ikizunguka. Hilo lina historia yake: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji pamoja na baruti ya kawaida. Biashara ikafuata mwanya huo. Aina ya pili ni bunduki za kujazwa mdomoni zenye mifereji, nyingi zikiwa nakala mpya za silaha za karne ya 19 au zile za kisasa za Kimarekani ambazo kizibo cha nyuma kinafunguka kwa spana. Hizi ndizo zinazosumbua kupima.

Kuna aina ya tatu ambayo haihusiki na makala haya: gobole lililotengenezwa kwa bomba la maji. Hilo lisipimwe, lisijazwe, lipelekwe polisi. Bomba halikutengenezwa kubeba shinikizo la baruti, na hakuna risasi inayolifaa hata ikikaa vizuri namna gani. Kwa hizo mbili nyingine, leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iwe mkononi kabla ya kununua hata kipande kimoja cha risasi.

Tuanze na kalipa. Ya bei ya kawaida huonyesha hadi 0.01 mm, lakini usahihi wake halisi ni kama 0.02 au 0.03 mm juu au chini. Namba ya mwisho kwenye kioo ni pambo. Kwa kipimo cha nje hilo linavumilika. Tatizo lipo kwenye yale meno mawili madogo ya juu, ya kupimia ndani. Ncha zake si kali kama wembe, zina ubapa kidogo. Ubapa huo ukiingia kwenye tundu la mviringo unakaa kama ubao uliolala ndani ya bomba: kingo zinagusa ukuta, katikati kunabaki nafasi, na kalipa inasoma pungufu. Kwenye tundu la 12.70 mm, ambalo ndilo la bunduki inayoitwa .50, yaani nusu inchi, ubapa wa 0.6 mm unakula karibu 0.014 mm. Ukiwa wa 1 mm, unakula karibu 0.04 mm. Hiyo 0.04 ni zaidi ya sehemu moja na nusu ya elfu ya inchi, na kuna risasi za bunduki hizi ambazo saizi zake hupishana kwa sehemu moja tu ya elfu.

Meno hayo tena ni mafupi, yanaingia kama sentimita moja na nusu tu. Yaani yanapima mdomo. Mdomo ndio sehemu isiyoaminika kuliko zote: mdeki, ile fimbo ya kushindilia, umepita hapo kila bunduki ilipojazwa, na ukisuguliwa upande mmoja kwa miaka unaacha tundu la yai badala ya duara. Bunduki nyingine zimepanuliwa mdomoni makusudi na kiwanda ili risasi iingie kirahisi. Ukipima hapo ukaagiza kwa kipimo hicho, risasi itapita mdomoni kwa raha kisha ikwame chini kidogo.

Hapa ndipo beringi ya 6201 inapoingia, na kwa bei yake hakuna kifaa kingine kwenye makala haya kinacholipa kama hicho. Tundu la beringi hiyo ni milimita 12. Kwa daraja la kawaida la usahihi, kiwanda kinaruhusiwa kupungua hadi 0.008 mm na hakiruhusiwi kuzidi. Ya 6301 nayo ina tundu hilo hilo la 12. Kwa bunduki kubwa zaidi chukua 6202, tundu lake ni 15. Nunua mpya ya kampuni inayoeleweka, SKF, NSK, NTN au Koyo, usichukue iliyotolewa kwenye gurudumu. Futa grisi ya ndani kwa petroli, kausha, kisha ingiza meno ya kalipa na uyatikise taratibu mpaka upate namba kubwa kuliko zote. Kama kalipa inasema 11.96, sasa unajua ugonjwa wake: kwenye matundu ya ukubwa huo inasoma pungufu kwa 0.03 hadi 0.04. Ongeza kiasi hicho kwenye kila kipimo cha ndani. Kosa la ubapa halibadiliki sana kati ya milimita 12 na 15, hivyo sahihisho hilo linatumika kwa bunduki zote za kati.

Kalipa iliyopimishwa kwa beringi inatosha kwa gobole laini. Huko risasi ya duara inafungwa kwa kitambaa, na kitambaa kinasamehe kosa la 0.03 bila kulalamika. Haitoshi kwa mtutu wenye mifereji.

Jambo dogo kuhusu betri: kalipa nyingi hutumia LR44. Hizi za rahisi hazilali kabisa hata ukizizima, zinaendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Weka SR44 ambayo ina umbo lile lile na volti yake haishuki hovyo, au toa betri ukimaliza kazi. Betri ikichoka, namba huanza kurukaruka au kuganda, na hapo ndipo mtu huandika kipimo cha uongo kwa uhakika kabisa.

Maikromita. Tafuta yenye mistari ya 0.01 mm, uso wa kugusia wa kabidi, na racheti, kile kitasa cha nyuma kinachotoa mkato na kuteleza ukishabana vya kutosha, inayokata sawasawa. Za Mitutoyo ya Japani ni nzuri na ndizo zinazoigwa sana, kwa hiyo jina lililochapwa kwenye boksi lisikuleweshe. Kigezo cha dukani ni rahisi. Futa nyuso mbili kwa kubana karatasi safi na kuivuta polepole, kisha funga kwa racheti mpaka ikate mara mbili. Lazima isome sifuri. Fungua, funga tena mara kadhaa: irudi pale pale. Ikirudi penye 0.01 leo na penye -0.01 dakika inayofuata, skrubu yake imelegea, iache. Ikirudi mahali pamoja lakini si kwenye sifuri, hilo halina shida, spana ndogo iliyomo kwenye boksi inairekebisha.

Joto la Dodoma watu huliogopa bure. Chuma cha milimita 12.7 kikipata moto kwa nyuzi 10 za ziada kinatanuka kwa kama 0.0015 mm, hakuna risasi itakayojua. Adui ni vumbi. Punje moja ya ule mchanga mwekundu wa Septemba ikikaa kati ya nyuso za maikromita inaweza kuongeza 0.05 mm, mara thelathini ya joto. Pima ndani, juu ya kitambaa safi, siku ambayo upepo umetulia.

Kazi yenyewe sasa. Maikromita haiingii mtutuni, kwa hiyo hatupimi tundu. Tunapitisha kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu kichukue umbo lake, kisha tunapima kipande hicho kwa nje. Chubwi la kuvulia samaki linafaa sana, mradi ni la madini ya risasi kweli. Lipime ugumu kwa ukucha: madini safi ya risasi yanakwaruzika. Vipande vya balansi ya tairi visitumike, vina antimoni ndani, ni vigumu, vinarudi nyuma kidogo vikitoka na vinaweza kukwama. Chubwi liwe nene kuliko kipenyo cha mtutu kwenye mifereji kwa angalau 0.2 mm. Kwa bunduki ya .50 lenga milimita 13.2 hivi. Likiwa jembamba, ligonge kwa nyundo juu ya chuma likae nene na fupi.

Kabla ya chochote, hakikisha bunduki haina kitu. Bunduki ya kujazwa mdomoni haina mlango wa kufungua ukachungulia, na ya zamani inaweza kukaa na baruti tangu mwenyewe wa kwanza. Ondoa fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti. Shusha mdeki taratibu mpaka ukome, weka alama kwa kalamu usawa wa mdomo, utoe, uulaze nje ya mtutu alama ikiwa mdomoni. Ncha ifike usawa wa tundu la moto. Ikiishia sentimita kadhaa kabla, kuna kitu ndani, simamisha kazi na uipeleke kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Ikiwa tupu, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, kausha, pitisha kitambaa chenye oili nyepesi. Masizi ya baruti yakibaki, utapima masizi.

Kwa bunduki ambayo kizibo cha nyuma kinafunguka, kazi ni nyepesi: fungua kizibo, gonga chubwi lianze kuingia mdomoni kwa nyundo ya mpira, kisha lisukume lote hadi litokee nyuma kwa fimbo ya shaba. Usitumie mdeki wa mbao. Mbao ikipasuka chini ya mkono inaingia kiganjani, na ajali hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Chubwi linapoingia mdomoni litakatwa pete nyembamba ya madini pande zote. Pete kamili ndiyo dalili kwamba limejaa hadi ndani ya mifereji. Ikiwa na pengo upande mmoja, tafuta chubwi nene zaidi, usiendelee.

Bunduki ambayo nyuma imezibwa moja kwa moja inataka akili. Kosa la kawaida ni kugonga chubwi hadi ndani kisha kulichimba kwa skrubu ya kung'olea risasi. Likishafika huko hewa imebanwa nyuma yake, linagoma, na skrubu inapoingia inalitanua. Hata likitoka, kipimo kimeharibika. Toboa chubwi mapema, funga skrubu ndani yake likiwa bado nje, na iunganishe na ncha ya fimbo kabla ya kuanza. Fungua pia kichuchu kinachokaliwa na fataki ili hewa ipate pa kutokea. Lisukume sentimita 15 hadi 20 tu, kupita eneo lililoliwa na mdeki, kisha livute.

Mkono wako utakuambia mengi njiani. Likienda kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, mtutu ni mzima. Likilegea ghafla mahali pamoja kisha likakaza tena, hapo mtutu umevimba, na mtutu uliovimba hauhitaji risasi nyingine, unahitaji kustaafu. Kumbuka chubwi hubaki na kipenyo cha sehemu iliyobana kuliko zote. Kwa hiyo kama mdomo unabana na ndani kumelegea, utapata kipimo cha mdomo.

Sasa kusoma chubwi. Litakuwa na migongo, iliyokuwa ndani ya mifereji, na mabonde, yaliyopita juu ya matuta ya mtutu, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifereji. Bana kwa racheti, mkato mmoja tu. Madini haya ni laini, mikato mitatu inaacha alama na kula 0.01. Hesabu mifereji. Ikiwa ni shufwa, minne, sita au minane, mgongo unatazamana na mgongo, na maikromita inakupa kipenyo cha mifereji moja kwa moja. Zungusha na kuandika namba ya kila jozi. Zikipishana kwa zaidi ya 0.03, ama mtutu si duara ama chubwi liliingia upande.

Mabonde je? Kwa .50 yenye mifereji sita iliyo na upana sawa na matuta, uso bapa wa maikromita unafika chini ya bonde, kwa sababu chubwi ni la mviringo na kilele cha bonde kinajitokeza kuliko kona za migongo. Kwa mifereji minane hali inabadilika: mfereji ukizidi kina cha 0.12 mm hivi, uso unalala juu ya kona mbili na kukupa namba kubwa isiyo ya kweli. Hapo ndipo geji ya matundu madogo inapostahili pesa yake. Ni kidole cha chuma chenye kichwa kilichopasuliwa kati, unakiingiza mtutuni na kuzungusha kitasa mpaka kiguse matuta kwa wepesi, unakitoa na kukipima kwa maikromita. Seti ya vipande vinne hufika milimita 13, hivyo .45 na .50 zinapimika. Inaingia ndani zaidi ya meno ya kalipa na haina kosa la ubapa. Pima ukiugeuza kushoto na kulia mara chache, kwa sababu kugusa kwake kunataka mazoea.

Mifereji witiri, mitatu, mitano au saba, ndiyo inayowakosesha hata mafundi wa kukereza. Hapo mgongo wa chubwi hautazamani na mgongo, unatazamana na bonde. Ukibana kwa maikromita unapata nusu ya kipenyo kikubwa na nusu ya kidogo. Mtu asiyejua huandika namba hiyo kama kipenyo cha mifereji. Suluhisho lipo na halihitaji maikromita maalumu ya uso wa V: pima kipenyo cha matuta kwa geji ukiizungusha mtutuni mpaka upate namba ndogo kuliko zote (ndani ya mtutu pia tuta hutazamana na mfereji, kwa hiyo njia hii inataka matuta yasiyo membamba kuliko mifereji), zidisha kipimo cha chubwi mara mbili, toa kipenyo cha matuta. Tuseme geji imetoa 12.72 na chubwi limetoa 12.85. Mara mbili ya 12.85 ni 25.70, ukitoa 12.72 unabaki na 12.98. Hicho ndicho kipenyo cha mifereji, na kina cha kila mfereji ni 0.13. Bunduki za mtindo wa Enfield ya 1853, ambazo kipenyo chake cha jina ni .577 yaani 14.66 mm, zina mifereji mitatu. Kwa hiyo hesabu hii utaihitaji mapema. Geji ya matundu madogo haifiki huko. Tumia geji ya teleskopu.

Hiyo ya teleskopu tuimalize hapa hapa. Ni vijiti vyenye kichwa kinachojitanua kwa springi hadi kuta za tundu, unakifunga na kukipima kwa maikromita. Ni seti ya vipande sita, inang'aa, wauzaji wanaipenda. Kipande cha kwanza huishia 12.7 mm na cha pili huanzia 12.7. Bunduki ya .50 ina 12.70. Yaani saizi inayotumika kuliko zote imeangukia kwenye mpaka, ambapo kipande kimoja kimefika mwisho na kingine hakijaanza. Kwa .54 na .58 inafaa. Kama una .50 usiinunue kwa ajili ya kazi hii.

Namba zikishapatikana, kuchagua risasi kunategemea aina yake. Risasi ya duara yenye kitambaa inapimwa dhidi ya matuta: iwe ndogo kwa karibu 0.25 mm. Kwa tundu la 12.70, ya .490 yaani 12.45 mm ndiyo ya kuanzia, na ya .495 yaani 12.57 kwa anayetaka ibane na kutumia kitambaa chembamba. Kwa .45 ya kawaida ni .440 yaani 11.18, kwa .54 ni .530 yaani 13.46, kwa .58 ni .570 yaani 14.48.

Kitambaa ndicho wengi hukisahau, na ndicho kinachoziba mifereji. Chukua mfano wetu wa 12.72 na 12.98 na risasi ya 12.45. Kati ya risasi na matuta kuna 0.135 kila upande. Kati ya risasi na chini ya mfereji kuna 0.265. Kitambaa cha 0.38 kinajaa vizuri na kubanwa. Lakini mtutu wenye mifereji ya kina cha 0.25, kama ile iliyochongwa maalumu kwa risasi za duara, una nafasi ya karibu 0.385 chini ya mfereji, na kitambaa hicho hicho cha 0.38 kinaning'inia tu bila kuziba. Moto unapita, kitambaa kinatoka kimeungua na kutoboka. Huko weka cha 0.46. Pima kitambaa kwa maikromita, kikiwa tabaka moja, mpaka racheti ikate. Kiwe pamba tupu iliyofumwa vizuri, mfano marekani nzito, iliyofuliwa kuondoa wanga wa kiwandani. Kitenge chenye nyuzi za plastiki kisikaribie mtutu, kinayeyuka na kuganda ndani.

Risasi ya Minié, ile yenye shimo chini lililobuniwa na Mfaransa Claude-Étienne Minié katika miaka ya 1840, haitumii kitambaa. Inashuka ikiwa imelegea kidogo, kisha moto unatanua sketi yake hadi ijaze mifereji. Iwe ndogo kuliko matuta kwa 0.03 hadi 0.05 mm. Ikizidi hapo, sketi haifiki mifereji kwa wakati na risasi inaondoka bila kuzunguka. Lazima iwe ya madini laini, yenye kupita jaribio la ukucha. Za kisasa ndefu zisizo na shimo hufanywa sawa na kipenyo cha matuta, zikishuka kwa nguvu ya mkono bila nyundo. Zilizovaa kikombe cha plastiki kwa .50 kwa kawaida hubeba risasi ya .429 au .452, na kikombe ndicho kinachopaswa kubana: kikidondoka chenyewe ukiinamisha mtutu, kimelegea. Risasi yoyote inayosogea mbele ikaacha nafasi kati yake na baruti inaweza kuvimbisha au kupasua mtutu, kwa hiyo alama ya kina kwenye mdeki si mapambo.

Msokoto, yaani umbali ambao mifereji inamaliza mzunguko mmoja, nao uulizwe kabla ya kuagiza, maana risasi ya saizi sahihi kwa msokoto usio wake itayumba. Bana kitambaa chenye oili kwenye fimbo ambayo mpini wake unazunguka, tia alama, vuta, na pima umbali wa mzunguko mmoja. Mtutu ukiwa mfupi kuliko mzunguko, pima robo na uzidishe mara nne. Karibu milimita 1,676, yaani inchi 66, ni mtutu wa risasi za duara. Karibu 711, inchi 28, ni wa risasi ndefu na za kikombe. Wa 1,219, inchi 48, unakubali zote mbili bila kuzipenda sana.

Mwisho ni suala la fundi. Ukitaka mtu wa karakana ya kukereza akuthibitishie namba, mpelekee chubwi, si bunduki. Kutembeza silaha mtaani kwa fundi asiye na kibali cha silaha ni kesi, na hana haja nayo: umbo lote la mtutu liko kwenye kile kipande cha madini. Kifunge kwa pamba ndani ya kikopo kigumu ili kisigongwe, andika juu yake idadi ya mifereji, kipenyo cha matuta, kipenyo cha mifereji, msokoto na tarehe, na nakala ya maandishi hayo iambatane na oda yako ya risasi pamoja na vibali vyake.